Sanduku la Kiingereza: “Used to” na “-aka” Yetu ya Lubumbashi

Mwezi uliopita niligusia “used to” kwa mistari mitatu, nikadhani nimemalizana nayo. Barua zilizokuja tangu hapo zimejaza bahasha ambayo huwa natilia risiti za umeme. Kwa hiyo walioniuliza habari za “since” na “for” wanisamehe, pamoja na yule baba anayetaka kujua kwa nini “information” haina wingi. Zamu yao itafika. Leo meza yote ni ya “used to”.

*Mama Mwalimu, jambo. Mchumba wangu anasomea uuguzi Kitwe, kule Zambia. Kwao ni Kibemba, Kiswahili anasikia kidogo tu, kwa hiyo tunaongea Kiingereza. Wiki mbili zilizopita nilimtumia ujumbe wa sauti: “I use to think about you every evening.” Nilitaka kumwambia minakuwazaka kila mangaribi. Alinyamaza siku nzima, kisha akaandika: “When did you stop?” Yaani, uliacha lini? Nimemweleza kwamba sijaacha, haamini. Kosa langu ni nini? Mimi nilisema “use”, sikusema “used”.*
Kijana wa Katuba

Mwanangu, kwanza pole. Siku nzima ya kimya ni ndefu.

Tuanze na masikio ya huyo binti. Katika “used to”, ile “d” haisikiki. Imemezwa na “t” inayofuata, na “s” yake ni s kavu kama ya “saa”, si z. Kinachotoka mdomoni ni “yuustu”. Sasa jaribu kusema “use to” kwa maana ya desturi, kama ulivyosema wewe: “yuustu”. Ni sauti ileile. Hakuna Mzambia wala Mwingereza wa London atakayezitenganisha kwa sikio. Wewe ulidhani umetuma habari ya leo, yeye alipokea habari ya zamani: “Nilikuwaka nakuwaza kila mangaribi.” Mtu akiambiwa hivyo na mchumba wake, swali linalofuata ni lile lile alilokuuliza. Binti ana akili, mshike.

Lakini mimi nataka kujua sentensi hiyo uliitoa wapi, na ninadhani najua. Uliitoa kwenye “-aka”.

Sisi wa huku tukisema “Baba anakunywaka chai bila sukari”, kila mtu anaelewa kwamba hiyo ndiyo tabia yake, si kwamba kikombe kiko mkononi sasa hivi. Tukisema “Baba alikuwaka anakunywa chai bila sukari”, tumeirudisha tabia hiyo nyuma: ilikuwapo. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa shule ya msingi alikuwa akiikuta “-aka” kwenye daftari anaipiga mstari mwekundu hadi karatasi inatoboka. Alitaka “hunywa” na “alikuwa akinywa”, kama vitabu vya pwani. Sikumlaumu, kazi yake ilikuwa hiyo. Ila “-aka” si takataka ya mtaani. Wenye Kilingala wanayo: “nasalaka”, huwa nafanya kazi. Watanzania wakiwa kijiweni, hata wale waliosoma sana, utawasikia “nilikuwaga”. Na wataalamu wa lugha za Kibantu wanakihesabu kiambishi hicho, kwa umbo la “-ag-”, kuwa mali ya zamani kabisa ya ukoo mzima.

Kwangu mimi huo ndio mlango mzuri kuliko yote wa kuingilia “used to”. Ni mzuri kuliko imparfait ya Kifaransa tuliyoonyeshwa shuleni, ule wakati uliopita wa mambo yaliyokuwa yakiendelea. Imparfait imebeba mizigo mingi mno. “Je lisais quand il est entré”, nilikuwa nasoma alipoingia, hiyo ni imparfait, lakini hapo Mwingereza hasemi “used to”, anasema “I was reading”. Mwanafunzi anayegeuza kila imparfait kuwa “used to” atajikuta mtu mmoja “used to read” kwa dakika tatu, mpaka mlango ulipofunguliwa. “-aka” haina fujo hiyo. Inabeba desturi tu, na “used to” vilevile.

Mlango mzuri, ila una kizingiti, na wewe ndipo ulipojikwaa. “-aka” yetu inakaa leo na inakaa zamani: ninakuwazaka, nilikuwaka nakuwaza. “Used to” ina nyumba moja tu, ya zamani. Kwa desturi ya leo Kiingereza hakina umbo la namna hiyo. Kinatumia wakati uliopo wa kawaida, mtupu kabisa: “I think about you every evening.” Basi. Hiyo “every evening” ndiyo inayofanya kazi ya “-aka”.

Wengine watakuambia uweke “usually”. Ni kweli, kwa mambo mengi “usually” ndiyo “-aka” ya leo, na inakaa mbele ya kitenzi: “I usually close the shop at six.” Lakini kwa mchumba, iache. “I usually think about you” maana yake mara nyingi nakuwaza, ila kuna siku inapita. Utaletewa swali jingine.

Kwa wanaopenda mambo ya kale: Kiingereza zamani kilikuwa na nyumba zote mbili. Kitenzi chenyewe ni cha Kifaransa, “user”. Kilifika Uingereza na Wanormandi, wale walioiteka mwaka 1066, na hakikuja na maana ya kutumia peke yake, kilikuja na ya kuzoea pia. Kifaransa mpaka leo kinasema “us et coutumes”, mila na desturi, na hiyo “us” ni ndugu wa damu wa neno letu. Kwa muda mrefu Mwingereza aliweza kusema mtu “uses to” kufanya jambo, leo hii, akaeleweka. Biblia yao ya mwaka 1611, katika Kutoka 21:36, inamtaja ng’ombe mwenye tabia ya kupiga pembe, inasema “hath used to push in time past”. Huwezi kusema hivyo sasa. Neno limepoteza viungo, upande wa leo ukafa, ukabaki wa zamani peke yake. Kwa hiyo, kijana, sentensi yako si ya kigeni kwa Waingereza. Umeichelewesha tu karne chache.

Mtumie: “I think about you every evening. I never stopped.” Na safari hii uandike, usirekodi.

*Mwalimu, mimi ni dereva. Nilienda kwenye usaili katika kampuni moja ya mgodi upande wa Kolwezi. Meneja akaniuliza kama kuamka mapema si shida. Nikajibu: “I used to wake up at four.” Akaandika kitu kwenye karatasi, akainua macho: “And now?” Nikachanganyikiwa. Nilitaka kusema nimezoea. Rafiki yangu anayejua Kiingereza anasema ningejibu “I am used to wake up at four.” Nani ana haki?*
Dereva, Ruashi

Hakuna mwenye haki, ila rafiki yako amekosa kidogo kuliko wewe. Sentensi ni “I am used to waking up at four.”

Ndugu dereva, haya ni mapacha. Wana sura moja na sauti moja, na kila mmoja ana kazi yake. Wa kwanza hana “am” wala “is” wala “was” mbele yake, na nyuma yake kinakuja kitenzi kitupu: “I used to drive.” Huyo ndiye wetu wa “nilikuwaka naendesha”. Wa pili ametanguliwa na “am”, au “is”, au “get”, na maana yake ni kuzoea. Huyu hataki kitenzi nyuma yake, anataka kitu: “I am used to the dust”, nimezoea vumbi. “I am used to the noise”, nimezoea kelele. Ukitaka kumpa kitendo, lazima ukigeuze kwanza kiwe kitu. Kwa Kiswahili kazi hiyo hatuioni kwa sababu “kuamka” tayari ni kitendo na ni jina kwa pamoja: kuamka mapema ni kuzuri. Kiingereza kinafanya hivyo kwa “-ing”: “waking”.

Ukiwa na wasiwasi, jaribu kumalizia na “it”. “I am used to it” inasimama vizuri kabisa. “I used to it” inaanguka hapohapo. Palipokubali “it”, patakubali “-ing”.

Rafiki yako naye ninajua kilichomponza. Amefikiri kwa Kifaransa: “habitué à me lever”. Ile “à” inakubali infinitifu, yaani kitenzi kitupu, bila matata, na yeye akadhani “to” ni “à”. Mara nyingine ni yeye. Hapa siye.

Nasema kwa ukali kwa sababu kosa hili liliwahi kunigharimu. Miaka kumi na kitu nyuma nilikuwa karani wa wakala mmoja wa forodha pale Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita kama 90 kutoka hapa mjini. Ofisi yetu ilikuwa kontena lenye dirisha moja la kukata kwa moto. Feni ilikuwa inazunguka pale tu jenereta ya jirani ilipokuwa na mafuta. Nje, malori yamepanga mstari mpaka macho yanachoka, ya Dar es Salaam, ya Durban, ya Ndola, madereva wanapika chini ya trela. Kiingereza pale ndicho kilikuwa ufunguo, kwa sababu upande wa pili wa geti makaratasi yote ni ya Kiingereza, na mimi peke yangu ofisini ndiye niliyeonekana nakijua.

Mwenye malori mmoja wa upande wa pili alikuwa akituandikia kwenye ankara dola 50 za maegesho kwa kila lori. Ada hiyo ikafutwa. Ankara iliyofuata, ipo palepale. Nikakaa kwenye kompyuta nikamwandikia kwa adabu zote, na katikati ya barua nikaweka: “We are used to pay 50 dollars for parking.” Kichwani mwangu nilikuwa nasema: zile dola 50 tulikuwaka tunalipa zamani, sasa hapana, ziondoe. Jibu likaja kabla ya saa sita, mstari mmoja: amefurahi kusikia hivyo, na ataziacha palepale. Alinisoma kama nilivyoandika. Tumezoea kulipa. Mtu akikuambia amezoea kulipa, utamwondolea kwa nini?

Malori yalikuwa sita. Tulipigiana simu siku mbili kuzirudisha hizo dola 300. Bosi wangu hakunikata mshahara, ila mpaka mwezi unaisha alikuwa akiniita “Mama Used To” mbele ya madereva. Sentensi niliyoikosa ilikuwa fupi kuliko niliyoiandika: “We used to pay.” Ningetoa “are” tu.

Na wewe, siku nyingine meneja akikuuliza kuhusu saa kumi za alfajiri, usihangaike na “waking” wala nini. Sema “I’m used to it”, umtazame machoni. Kama bado hujazoea vizuri, “I’m getting used to it”, naendelea kuzoea. Kwenye usaili, lakini, nisingekushauri hiyo ya pili.

*Mama Mwalimu, mtoto wangu yuko sekondari. Alipewa kazi ya kuandika habari za babu yake. Aliandika “My grandfather used to live in Likasi for six years”, mwalimu akakata. Akaandika “Likasi would be called Jadotville”, mwalimu akakata tena. Mtoto analia, anasema mwalimu mwenyewe ndiye aliyewaambia “used to” na “would” ni kitu kimoja kwa mambo ya zamani. Miaka sita ya babu si zamani?*
Mama wa Kamalondo

Yaya, dada yangu, mwalimu ana haki mara mbili, ingawa naona hakumweleza mtoto kwa nini.

Miaka sita. “Used to” inasema desturi au hali ilikuwapo, basi. Haipendi kupimwa. Ukishatoa jumla, miaka sita, siku kumi, mara tatu, Kiingereza kinaiona habari hiyo kama furushi lililofungwa, na furushi lililofungwa linataka wakati uliopita wa kawaida: “My grandfather lived in Likasi for six years.” Ukitaka “used to”, ondoa hesabu: “My grandfather used to live in Likasi.” Mtoto amenaswa kwa sababu kwetu “alikuwaka anaishi Likasi miaka sita” haimshtui mtu. Mwambie pia kwamba hesabu ya kurudiarudia inaruhusiwa: “He used to go to church three times a week” ni sawa kabisa, kwa sababu mara tatu kwa wiki si jumla, ni desturi yenyewe.

Sasa “would”. Hapa ndipo penye utamu, na mimi naona walimu wetu wanapapita mbio. Mtoto wa huku anafundishwa kwamba “would” ni “-nge-”: “I would go”, ningeenda. Ni kweli, hiyo ndiyo kazi yake ya mchana. Lakini ina kazi ya jioni pia, ya kusimulia: mambo ambayo mtu alikuwa akiyafanya tena na tena, msikilizaji akiwa ameshajua tuko zama zipi. Waingereza wazuri wa kusimulia wanafungua na “used to” mara moja, kisha wanaendelea na “would”, “would”, “would”, kwa sababu “used to” ikirudiwa kila sentensi inachosha kama mtoto anayegonga sufuria.

Nichukue mfano wa nyumbani kwetu, wa posho. Wenye umri wangu mnaikumbuka. Wafanyakazi wa shaba walikuwa wakipewa chakula na kampuni, na wake zao ndio walioenda kukichukua. Mama yangu alikuwa na foronya moja ya bluu, ya kitambaa kigumu, aliyoishona mara mbili pembeni ili unga usivuje. Kwa Kiingereza ningeanza: “My mother used to collect the posho every month. She would wash the blue pillowcase the night before and hang it near the fire. In the morning she would fold it under her arm and call the neighbour through the fence.” Tazama, “used to” moja tu, imefungua mlango. Baada ya hapo “would” zinaingia zenyewe, na kila moja ni kitendo: kufua, kuanika, kukunja, kumwita jirani. Kwa Kiswahili sanifu ningesema “alikuwa akiifua, akiianika”, na kwa cha nyumbani “alikuwaka anafula”, ukipenda.

Yote ni vitendo. “Would” ya kusimulia haibebi hali. Kuwa, kuishi mahali, kuwa na kitu, kujua, kuitwa: hayo ni ya “used to” peke yake. Ukisema “When I was small I would have a bicycle”, Mwingereza anasikia ile “-nge-”, anasubiri “kama”: kama baba angekuwa na pesa, kama barabara ingekuwa nzuri. Na ndivyo ilivyoharibika Jadotville ya mtoto wako. Kuitwa Jadotville ni hali, si kitendo ambacho Likasi ilikuwa inaamka asubuhi na kukifanya. “Likasi used to be called Jadotville.” Vilevile na mji wetu: “Lubumbashi used to be called Élisabethville”, mpaka mwaka 1966 yalipobadilishwa majina. Mwambie aiweke hiyo ya pili pia, mwalimu atafurahi.

Halafu mfute machozi. Kosa kama la sentensi yake ya kwanza nimewahi kuliona kwenye ripoti ya injinia.

*Ni “Did you used to” au “Did you use to”? Vitabu viwili, majibu mawili.*
Mwanafunzi wa chuo kikuu

“Did” imeshabeba zamani mgongoni, kwa hiyo “use” inatembea bila mzigo: “Did you use to play football?”, “I didn’t use to like fish.” Yenye “d” utaikuta hata kwa wenye lugha, kwa sababu ile niliyomweleza kijana wa Katuba: sikio halioni tofauti, na mkono unaandika kinachosikika. Kwenye mtihani iondoe. Kuna na “I used not to”, ya wazee wenye suti, ielewe, usiisumbukie. Mimi nikiwa nazungumza nakwepa ugomvi wote kwa “never”: “I never used to like fish.” Hapo “d” iko mahali pake na hakuna wa kukuuliza.

*Mimi ni mlinzi wa geti kwenye mgodi. Juu ya mashine ya geti wameandika “This card is used to open the gate.” Nilisoma maelezo yako ya mwezi uliopita, kwamba “is used to” ni kuzoea. Sasa naangalia kadi yangu. Imezoea kufungua geti? Mimi mwenyewe miaka kumi na moja pale bado sijazoea.*
Mzee wa Kipushi

Mzee wangu, nimecheka mpaka majirani wamekuja. Hapana, kadi haina mazoea. Huyo ni ndugu wa tatu, ambaye mwezi uliopita sikumtaja, na kosa ni langu. Ni kitenzi “use” cha kawaida, kutumia, kikiwa kimetendwa: kadi hutumiwa kufungua geti. Ukitaka kumtambua, msikilize: huyu anasemwa kwa z, “yuuzd”, kama nzi anapita, wakati wale mapacha wa dereva ni s kavu. Na ukitazama nyuma yake utaona kitenzi kitupu, “open”, si “opening”. Wangeandika “is used to opening”, hapo kweli kadi yako ingekuwa imezoea, na ningekushauri uidai ikusaidie zamu ya usiku. Ile “used car” iliyoandikwa kwenye kioo cha gari la okazyo ni huyuhuyu wa z: gari lililokwisha kutumika.

Hilo neno “kutumika” nalo lina vituko vyake huku kwetu, maana Lubumbashi mtu “anatumika ku mugodi”, yaani anafanya kazi mgodini. Tukisema “kadi inatumika ku geti”, mgeni wa Dodoma ataelewa moja na shemeji yako wa Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi, ataelewa kwamba kadi nayo imeajiriwa. Lakini hiyo ni safu nyingine.

Nilikuwa nimeshapeleka kurasa hizi kwa mhariri wakati kijana wa Katuba aliponiandikia tena, maana jibu lake nilimtumia mapema nisije nikavunja ndoa kwa kusubiri gazeti litoke. Aliandika ile sentensi kama nilivyomwambia, “I think about you every evening. I never stopped.” Jibu likaja usiku huohuo, na nukta za kucheka: “Only evenings?” Jioni tu? Sasa anauliza “all the time” inakaa wapi kwenye sentensi, mbele ya kitenzi kama “usually”, au wapi.

Mwishoni, mwanangu. “I think about you all the time.” Mwishoni kabisa.